Bomba Linalopita Juu ya Jiwe

Kuchimba choo kwenye kilima cha Mwanza ni kazi ya muda mfupi. Sururu inaingia futi chache, inagonga jiwe, na fundi anakuita uone mwenyewe. Katika maeneo ya Igogo, Mabatini na Kilimahewa, mashimo hayo mafupi yalijaa upesi, gari la kunyonya halikuweza kupanda, na mvua kubwa ikianza wapo waliotapisha vyoo. Uchafu ulimpitia jirani wa chini, ukaingia Mto Mirongo, ukaishia katika ziwa lile lile tunalokunywa maji yake.

Mfumo wa kawaida wa majitaka unataka barabara, mtaro wa kina, bomba pana na chemba za mtu kuingia. Kwenye majabali hayo, mtaro huo ungeanza kwa baruti katikati ya nyumba za watu. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ikafuata njia iliyoanzia mji wa Natal, Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980: bomba jembamba, la milimita 100 hivi na kuendelea, linalopita vichochoroni na nyuma ya nyumba, karibu kabisa na uso wa ardhi.

Uamuzi mkubwa hapa, kwangu mimi, ni kukubali kutochimba. Penye udongo bomba linafukiwa kidogo. Penye jiwe linalazwa juu yake na kushikwa kwa zege, na jabali likikataa, bomba ndilo linalokunja kona. Wembamba nao si ubahili. Ndoo moja ya maji katika bomba pana husambaa na kuacha kinyesi nyuma. Katika bomba jembamba maji yanainuka, yanakisukuma. Kilima kile kile kilichowashinda wachimbaji kinayashusha majitaka bila umeme hadi bomba kuu la bondeni, kuelekea mabwawa ya Ilemela.

Lakini ndoo hiyo lazima iwepo. Bomba la maji safi lisipopanda kilimani, la majitaka litakauka na kuziba.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Mtu wa juu akitupa kitambaa chooni, hakizibi kwake. Kinateremka hadi kwenye kona, na chemba inayofurika ni ya mama wa nyumba ya chini, anayeosha vyombo hatua mbili kutoka kwenye mfuniko. Nikipita vichochoro vile, mifuniko ndiyo naitazama kwanza: imekaa sawa, au kuna aliyeweka jiwe juu yake.