Kata, Hekalu na Amri: Istilahi za Karate katika Kiswahili

Zombo ni kata wilayani Kilosa. Kata pia ni chombo cha kutekea maji mtungini, na tena ni amri ya kukata. Karate imetuletea kata nyingine: mfululizo wa mapigo na vizuizi ambao wanafunzi, wakiwa safu safu, huufanya kwa pamoja. Je, tulikubali neno hili? Naona yafaa, kwani muktadha huondoa utata. Tukisema "mtindo", tutakuwa tumelipokonya neno kazi ya kutaja Goju-ryu au Shotokan.

Dojo lina mashaka zaidi. Chuo cha Goju-ryu alichokianzisha Nantambu Camara Bomani huko Zanaki, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, kiliitwa Hekalu la Kujilinda. Jina hilo halikukosa msingi: dojo, yaani "mahali pa njia", lilitumika kwanza katika dini ya Kibudha. Lakini kwetu hekalu ni nyumba ya ibada, na mzazi aweza kumzuia mwanawe kwa sababu ya neno tu. Kama jina la pekee, na libaki. Kama istilahi, "chuo" chatosha.

Amri ni jambo jingine. Asiyejua kwamba "yame" ni "acha" huendelea kupiga, na mwenziwe huumia. Kwa hiyo majina ya mambo na yatoholewe, bali amri zifundishwe kwa lugha zote mbili tangu siku ya kwanza.