Shaba au Alumini: Siku Tatu kwa Fundi wa Rejeta

Rejeta ililetwa asubuhi ndani ya gunia, bado inadondosha maji ya rangi ya kutu. Ilitoka kwenye Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani ambalo wapenzi wa mbio wa Afrika Mashariki wanalijua bila kuelezwa: lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kijana mwenye gari hili anataka kuliingiza kwenye mbio za magari ya zamani. Alifika gereji hii ya Changamwe, Mombasa, akiwa ameshaamua. "Mzee, nataka ya alumini."

Fundi hakumkatalia wala hakumkubalia. "Kwanza tuiangalie hii, mwanangu," alisema, akaitoa guniani kwa mikono miwili na kuilaza mezani.

Alianza kwa kidole gumba. Alikipitisha juu ya mapezi, yale mabati membamba yaliyokunjwakunjwa kati ya mirija ya maji, na kila kilipopita mapezi yalimomonyoka yakawa unga wa kijani. Ndivyo chumvi ya pwani inavyoila shaba. Kisha akaziba midomo kwa vizibo vya mpira, akaunganisha bomba la upepo, akaizamisha kwenye pipa la maji lililopasuliwa kwa urefu. Mapovu ya kwanza yalitoka kwenye kiungo cha tangi la juu. Hayo hayakumsumbua, maana kiungo hulehemiwa upya. Akasubiri. Alizima hata redio. Baada ya muda yakaanza mapovu madogo, moja moja, katikati kabisa ya rejeta ambako mwali wa gesi haufiki. Kila povu alilitafutia chanzo chake, akakikwaruza kwa msumari. Alipofikisha alama ya tisa aliuweka msumari chini.

Mchana aliyafungua matangi. Kazi hii inadanganya macho, kwa kuwa mtu huona moto tu. Mkono wake ulikuwa haukai mahali pamoja: mwali ulikwenda na kurudi kwenye ukingo, ukalipasha joto bamba lote kwa usawa. Mchanganyiko wa risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, ilhali shaba nyekundu hungoja mpaka 1,085. Fundi hufanya kazi yake ndani ya nafasi hiyo, lakini shaba njano ya tangi ni nyembamba na ikizidishiwa moto hujikunja. Risasi ilipong'aa kama maji, alilishika tangi kwa koleo akalinyanyua bila kulivuta. Ndani mlikuwa na magaga meupe. Alichukua upapi wa chuma, akaupitisha kwenye kila mrija, mmoja baada ya mwingine. Ulipogota kwenye zaidi ya robo ya mirija, kijana mwenyewe alisema kiini hiki kimekwisha. Matangi yalikuwa mazima. Kiini kipya ndicho kilichohitaji uamuzi.

Hapo ndipo nilipomwona fundi akiitendea haki hoja asiyoipenda. Alimweleza kijana uzuri wa alumini kuliko alivyoujua kijana mwenyewe. Sentimita moja ya ujazo wa shaba nyekundu ina gramu 8.96, ya alumini 2.7, na uzito unaopungua puani mwa gari huhisiwa kwenye usukani. Ni kweli shaba nyekundu hupitisha joto vizuri zaidi. Kwa kipimo ambacho shaba hupata 400 hivi, alumini safi hupata 237. Lakini mirija ni ya shaba njano, ambayo hupata 120 hivi, na risasi inayoshikanisha pezi na mrija hupata kama 50 tu. Rejeta ya alumini haina risasi. Hupikwa tanuruni kwa joto la karibu nyuzi 600, mapezi na mirija vikashikana kwa alumini yenyewe. Tena bati lake huvumilia mrija mpana wa milimita 25 bila kuvimba, wakati mrija wa kawaida wa shaba una milimita 13 hivi.

"Na zote mbili," aliongeza, "joto halikwami kwenye bati. Linakwama likienda kwenye upepo." Ukuta wa mrija ni mwembamba kiasi kwamba joto huupita upesi, liwe bati la shaba au la alumini. Hesabu kubwa ni eneo la mapezi na upepo unaoyapita.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Ukiharibikiwa, utaharibikiwa wapi?"

Kijana alifikiri. Labda kati ya Voi na Taveta, alisema, au nyikani Taru.

Jibu lilitoka humo. Jiwe likitoboa mrija wa shaba, fundi yeyote wa mji mdogo mwenye mwali wa gesi, asidi na kipande cha risasi ataziba tundu, na gari litaondoka jioni hiyo. Alumini huvaa ngozi ya oksaidi papo hapo inapoguswa na hewa, na risasi ya kawaida haiishiki. Huhitaji mashine ya argoni na mkono uliofundishwa. Isitoshe, injini ya 240Z ina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Ukiongeza rejeta ya alumini, kisha safarini ukajaza maji ya kisima badala ya kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, rejeta hiyo huanza kuliwa kutoka ndani. Kwa mbio za lami, alisema, angemwekea alumini bila kusita. Kwa nyika, shaba.

Mimi nakubaliana naye.

Alichagua kiini cha safu tatu, akakataa kile chenye mapezi yaliyosongamana zaidi, ingawa kilionekana bora mezani. Mbegu za nyasi na tope hujaza nafasi finyu, na mapezi yasiyopitisha upepo ni mzigo tu.

Siku ya pili nzima ilikuwa ya kulehemu. Alisugua kingo za matangi kwa brashi ya waya mpaka shaba njano ikawa na rangi ya dhahabu, na hakuzigusa tena kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hufukuza risasi. Alipaka asidi iliyolishwa vipande vya zinki mpaka ikaacha kuchemka. Akapasha moto, akagusisha risasi, akaifuta kwa kitambaa, na ukingo ukabaki na utando mwembamba wa fedha. Alirudia hivyo upande wa pili. Ndipo akakutanisha tangi na kiini, akazungusha mwali taratibu, na risasi ikanywewa ndani ya kiungo yenyewe bila kusukumwa. Alifanya yote mlangoni penye upepo, maana mvuke wa risasi ni sumu, na hakugusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni. Mwisho akaosha viungo kwa maji yenye magadi ili asidi isibaki ikila shaba.

Siku ya tatu rejeta ilirudi pipani. Ilikaa dakika kumi chini ya maji, na halikutoka povu hata moja. Akapaka rangi nyeusi, koti jepesi tu, kwa kuwa rangi nene huzuia joto. Akaifunga garini na kuweka themostati ya nyuzi 82.

Tulipanda mlima wa Mazeras saa nane mchana, jua likiwa kali, magari ya mizigo yakitulazimisha kwenda gia ya pili. Mshale wa joto ulifika katikati ukakaa hapo. Tulipofika Mariakani fundi alifungua boneti na kupitisha kidole chini ya kila kiungo. Kilitoka kikavu.