Mdahalo wa Mtu Mmoja

Msomaji, wako wasemao kwamba mdahalo wa televisheni humkatisha shauri mpiga kura anayesitasita. Neno hilo lipime kwanza. Tarehe 24 Julai 2017 Raila Odinga alijibu maswali peke yake. Uhuru Kenyatta hakufika, wala hilo halikumzuia kutangazwa mshindi mwezi wa Agosti, ingawa Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi ule. Tarehe 26 Julai 2022 William Ruto naye alisimama peke yake, Raila akiwa amekataa kuja, Ruto akashinda. Basi kuhudhuria kulimfaa nani?

Mwaka 2013 walikuja wagombea wote wanane, na hapo palikuwa na kitu cha kulinganisha, jibu kwa jibu. Lakini mtu akisema peke yake, hiyo ni hotuba tu, hata akihojiwa. Na mkulima wa Voi, ambaye shamba lake huvamiwa na ndovu wa Tsavo, hangoji ufasaha. Hungoja kusikia habari za ndovu, maji na ardhi.

Usiku ule wa 2022 nilitazama katika hoteli moja hapa Voi. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona hana wa kumjibu?" Akamaliza chai yake, akaenda kulala kabla maswali hayajaisha.