Isikilize Inapozimwa: Namna ya Kuikagua Turbini Kuukuu ya Ndege za Rimoti

Jeti ndogo ya rimoti inapowashwa, watu wote uwanjani husogea. Kuna mluzi, kuna harufu ya mafuta ya taa, kuna joto linalotikisa hewa nyuma ya mkia. Anayetaka kuinunua injini hiyo hana haja ya kusogea bado. Injini mbovu nayo hupiga mluzi. Inaweza kupanda hadi mizunguko laki moja kwa dakika na kusukuma vizuri tu, huku beringi yake ya nyuma imebakiza safari moja. Ukweli hutoka mafuta yanapokatwa. Hapo hakuna moto tena wa kuficha aibu. Gurudumu linazunguka kwa kasi iliyobaki, na kila kinacholigusa au kilichokauka kinasikika.

Kwa hiyo omba injini ishushwe kwanza hadi mwendo wake wa chini kabisa, ambao kwa nyingi ni kama mizunguko 35,000 kwa dakika, ikae hapo kidogo, kisha izimwe. Wanyamazishe waliokuzunguka. Turbini nzima huteremka kwa mvumo mmoja usiokatika, kutoka sauti nyembamba hadi nzito, hadi unabaki unajiuliza kama bado inazunguka au imeshasimama. Yenye kasoro hushuka vyema mpaka karibu na mwisho, halafu husimama ghafla kana kwamba kuna mtu kaishika. Ukisikia mkwaruzo mwembamba kabla ya kusimama, jua kuna chuma kinachogusa chuma.

Angalia usidanganywe na stata. Kwenye injini zenye stata ya umeme, kompyuta huzungusha gurudumu tena baada ya kuzima ili kupitisha hewa ya nje ndani yake, mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 100 hivi. Mzunguko huo wa kupoza si wa kuupimia kitu, lakini ukikosekana uliza sababu. Injini isiyopozwa huachia joto la gurudumu la nyuma lipande kwenye shafti hadi kwenye beringi, na oili iliyobaki humo hukaangika ikawa masizi magumu.

Ninaposema turbini kuukuu ninamaanisha zile za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla injini hizi hazijawa bidhaa ya kutoa kwenye boksi na kubonyeza swichi. Historia yake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1983, huko Uingereza, Gerald Jackman na wenzake walirusha ndege ya mfano kwa turbini iliyotumia gesi ya propani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wafaransa wakaleta JPX T240, nayo ya propani, ambayo mtu wa kawaida mwenye fedha aliweza kuinunua. Lakini aliyelifungua lango ni Mjerumani Kurt Schreckling. Katika mfululizo wake wa injini za FD alitengeneza gurudumu la kompresa kwa mbao za tabaka, akaliimarisha kwa nyuzi za kaboni, na gurudumu la turbini akalikata kwenye bamba la chuma kisha akayapinda mapanga yake moja moja. Akaandika kitabu chenye michoro yote. Ghafla ikawa kwamba mwenye mashine ya kukereza na subira anaweza kutengeneza jeti kwenye gereji yake.

Baada yake mambo yalikwenda mbio. Thomas Kamps naye, Mjerumani mwingine, akachapisha michoro yake. Schreckling akashirikiana na Mhispania Jesús Artes, ikazaliwa KJ66: K ya Kurt, J ya Jesús, na 66 ni kipenyo cha gurudumu kwa milimita. Kompresa yake haikuhitaji kuchongwa upya kwa sababu ilikuwa gurudumu la turbo ya gari, kipuri ambacho fundi yeyote wa malori hapa kwetu ameshawahi kukishika akitafuta kwa nini lori halivuti. Waholanzi wa AMT wakatoa Pegasus na Olympus, na hii Olympus ikaingia hadi kwenye maabara za vyuo vikuu. Waingereza wa Wren wakatoa MW54. Na mwishoni mwa miaka hiyo JetCat ya Ujerumani ikaleta P80, yenye stata ya umeme na kompyuta iliyofanya kazi yote ya kuwasha. Tangu hapo rubani hakulazimika kubeba chupa ya hewa au kipulizio cha kuanzishia gurudumu.

Kujua injini yako imetoka kizazi kipi ni nusu ya ukaguzi, kwa sababu ubora wa kila kizazi hukaa mahali pake. Kwenye KJ66 iliyotengenezwa nyumbani unaihukumu mikono ya mtu. Kwenye P80 unahukumu matunzo. Kuikosoa KJ66 kwa kuwa inachelewa kupandisha mwendo ni kuikosoa kwa jambo ambalo halikukusudiwa. Ndiyo, inachelewa, rubani wake huongeza mafuta mapema anapokaribia kutua, kwa maana akingoja ndege ianze kuzama atakuwa amechelewa. Binafsi naona marubani waliojifunzia injini hizo hutua vizuri kuliko wenzao, ingawa najua wenye injini mpya watabisha.

Sasa igeuze, utazame nyuma. Hapa usiwe na haraka. Gurudumu la turbini hufanya kazi kwenye gesi ya nyuzi mia sita na zaidi huku likizunguka. Piga hesabu ya gurudumu la milimita 66 kwa mizunguko 115,000: ncha za mapanga zinakimbia karibu mita 400 kwa sekunde, kupita mwendo wa sauti hewani. Chuma kilicho katika hali hiyo kwa miaka hurefuka taratibu. Nafasi kati ya ncha na pete inayolizunguka gurudumu ni unene wa karatasi chache tu, na gurudumu lililowahi kupashwa joto kupita kiasi huila nafasi hiyo. Mulika kwa tochi, zungusha pole pole, na ulinganishe nafasi pande zote. Ikiwa upande mmoja umebana na mwingine umeachia, ama pete imepinda ama shafti haijakaa katikati. Ncha zinazong'aa kama zimesuguliwa zimeshagusa.

Kisha zisome rangi. Chuma cha pua kinapopata moto hubadilika: kwanza manjano hafifu, halafu kahawia na zambarau, halafu buluu, na mwisho kijivu kisicho na mng'ao. Koni ya kutolea moshi yenye rangi zilizokaa kwa mzunguko sawa ni dalili nzuri, hata kama rangi zenyewe zimekolea. Cha kuogopa ni mstari mmoja mweusi au wa buluu unaotoka ndani na kuteremka upande mmoja. Huo unakuambia kuwa ndani ya chumba cha mwako mafuta hayagawanyiki sawa, moto unachomeka mahali pamoja, na mapanga yasiyozunguka yaliyo mbele ya gurudumu yamekuwa yakichomwa sehemu ile ile kila siku. Tafuta nyufa kwenye mizizi ya mapanga hayo. Ufa mwembamba kwenye pete isiyozunguka unaweza kuishi nao kwa muda. Ufa kwenye gurudumu linalozunguka ni mwisho wa mazungumzo.

Mgawanyo huo wa mafuta ndio unaotofautisha fundi na mbabaishaji. Kwenye chumba cha mwako cha KJ66 kuna vijiti sita, mabomba membamba yanayokaa ndani ya moto wenyewe. Kila kijiti huingizwa mafuta kwa sindano nyembamba iliyounganishwa kwenye pete ya shaba au chuma. Mafuta huvukia ndani ya kijiti kilichopata moto na kutoka yakiwa tayari kuwaka. Mwenye injini akiwa mkarimu wa kuifungua, muombe aitoe pete hiyo na kuipampia mafuta ikiwa nje, juu ya karai. Tazama vimkondo sita. Vinapaswa kuruka umbali mmoja, kwa nguvu moja. Kimoja kikidondoka matone wakati vingine vinarusha, umeshajua ule mstari mweusi ulitoka wapi. Ukiwa hapo hapo tazama matundu ya chumba cha mwako: fundi makini ameyasafisha kingo, hakuacha chuma kilichochomoza, na vijiti vyake vimesimama kwa urefu mmoja. Nimeona kazi za mikono ambazo ungedhani zimetoka kiwandani, na za kiwandani ambazo fundi wa mtaani angezirudia.

Mbele kuna mambo machache. Mapanga ya kompresa ni ya aluminiamu, laini, kwa hiyo kokoto, nyasi au skrubu iliyolegea huacha alama. Pitisha ukucha kwenye makali. Mapengo madogo madogo ya mchanga ni ya kawaida kwa ndege inayoruka kutoka uwanja wa vumbi. Panga lililopinda si la kawaida. Ukiliona gurudumu tafuta pia mahali lilipopunguzwa kwa kusaga ili lipate balansi. Pasagwe kidogo, mahali pamoja au pawili. Palipochimbwa huku na kule panaonyesha mtu alihangaika bila kujua anachokitafuta. Na kama kuna vidoti vya rangi kwenye gurudumu, shafti na nati, vitazame vimelingana. Vimewekwa ili kila kipande kirudi pale pale kilipokuwa wakati wa kupimwa balansi. Visipolingana, injini ilifunguliwa na asiyejua maana yake.

Beringi hazionekani, na ndizo zinazokula fedha. Injini nyingi za aina hii hutumia beringi za chuma zenye gololi za seramiki, nyepesi na zinazostahimili joto, na hazina tangi la oili la peke yake: oili ya turbini huchanganywa kwenye mafuta, kwa kawaida kama asilimia 5, na sehemu ndogo ya mchanganyiko huo hupelekwa kwenye beringi kwa bomba jembamba kabla ya kuungana na moto. Aliyesahau kuchanganya oili siku moja ameiua injini siku hiyo, hata kama iliendelea kuruka mwezi mzima. Uliza oili gani ilitumika na kiasi gani. Mwenye injini wa kweli hujibu bila kufikiri. Halafu shika gurudumu la mbele kwa vidole viwili, livute na kulisukuma. Linapaswa kusogea kidogo likipambana na springi na kurudi lenyewe. Likicheza kushoto na kulia, beringi zimekwisha. Zungusha polepole sana: ukihisi vijiwe, hata kimoja, zimekwisha vile vile.

Watengenezaji wengi walitaka injini irudishwe kufanyiwa huduma baada ya masaa 25 ya kazi. Kwenye zenye kompyuta, masaa yamehifadhiwa humo, pamoja na sababu ya injini kuzima mara ya mwisho. Soma hiyo kabla hujamsikiliza mwenye mali. Kompyuta yenyewe, pampu, vali na mipira ya mafuta vikaguliwe haraka tu. Mipira hukauka, betri hufa, pampu hubadilishwa. Ila hakikisha kompyuta ni ya injini ile. Kompyuta iliyotolewa kwenye injini nyingine inaweza kuruhusu mwendo au joto ambalo gurudumu hili haliliwezi.

Kuna wapenzi wa vitu vya kale wanaotaka kila skrubu iwe ya asili. Kwa saa ya ukutani nawaelewa. Kwa turbini, beringi mpya na gurudumu lililopimwa balansi upya ni sifa, na injini ambayo haijawahi kufunguliwa tangu mwaka 1999 naiogopa kuliko ile iliyofunguliwa mara tano na mtu anayeweka kumbukumbu. Uzuri wa kizazi kile ni kwamba michoro ipo, vipimo vipo, na mwenye mashine ya kukereza anaweza kuirudisha uhai injini ambayo mtengenezaji wake alishafunga duka. Injini mpya ni nyepesi na huwaka kwa mafuta ya taa bila gesi ya kuanzishia moto, lakini ikiharibika unaipeleka posta.

Wakati wa kujaribu, ifungwe kwenye stendi nzito, kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi kiwe mkononi mwa mtu mwingine, na usisimame pembeni sawa na gurudumu. Likipasuka, vipande huenda huko. Moto ukitoka mrefu nyuma wakati wa kuwasha, mafuta yalikuwa yametuama ndani. Injini izimwe, iinamishwe yamwagike, ianzwe upya. Kuwasha kwa namna hiyo mara moja hakuharibu kitu, ila mwenye injini akikuambia huwaka hivyo siku zote, amekueleza habari za gurudumu la nyuma bila kujua.

Ukikubaliana naye bei, toa humo gharama ya beringi mbili za seramiki na kazi ya balansi, hata akiapa kuwa zilibadilishwa majuzi. Akikuletea risiti, rudisha fedha hiyo.