Nguzo Kuukuu, Mguu Mpya

Nguzo ya nyumba ya mbao huanza kuoza chini, pale inapokaa juu ya jiwe la msingi na kunyonya unyevu. Seremala wa jadi wa Japani haibomoi nyumba kwa sababu hiyo. Hukata sehemu iliyooza, akachonga mguu mpya, kisha akauunga na nguzo kuukuu bila msumari wala gundi. Kiungo hicho huitwa kanawa tsugi, na kazi yake huanzia mbali na nguzo yenyewe.

Huanzia kwenye jiwe la kunolea. Patasi ya Kijapani ina tabaka mbili zilizofuliwa pamoja: feleji ngumu upande wa makali na chuma laini mgongoni. Upande wa feleji umebonyea kidogo katikati ili uguse jiwe pembezoni tu. Seremala huloweka mawe majini, hunoa kwa jiwe la chembe kubwa, kisha la kati, na humalizia kwa lililo laini. Akitaka kujua kama makali yamekolea, hukata kichwa cha kipande cha sugi, mti mwororo. Patasi butu huponda nyuzi na kuacha uso uliochakaa. Patasi kali huacha uso unaong'aa.

Seremala Mitsuo Ogawa alipopokelewa kama mwanafunzi na Tsunekazu Nishioka (1908–1995), fundi mkuu wa hekalu la Horyuji huko Nara, aliambiwa mwaka mzima asisome gazeti wala kutazama televisheni, anoe tu. Nishioka alivuta randa mara moja, akampa utepe wa mbao uliotoka: hivyo ndivyo wake ulivyotakiwa uwe. Ogawa aliubandika dirishani, akawa analinganisha. Mafunzo hayo hayakuwa adhabu. Horyuji ina majengo ya mbao makongwe kuliko yote yaliyosalia duniani, yenye umri wa takriban miaka 1,300, na makali mabovu hayana nafasi pale.

Baada ya kunoa huja kupima. Nguzo kuukuu huwa imepinda kidogo, kwa hiyo seremala hapimi kutoka ukingoni. Hupiga mstari wa katikati na vipimo vyote hutoka hapo. Huvuta uzi uliolowa wino kutoka kwenye kibweta chake, huukaza, huuinua kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari ulionyooka hubaki juu ya mti. Mistari mifupi huichora kwa guni la chuma na kalamu ya mwanzi.

Msumeno wake hukata unapovutwa, hausukumwi. Kwa kuwa unavutwa, bapa hunyooka lenyewe, ndiyo maana linaweza kuwa jembamba sana na kula mti kidogo. Upande mmoja una meno ya kupasua kufuata nyuzi, wa pili ya kukata nyuzi. Kinachobaki huondolewa kwa patasi, kidogo kidogo, hadi ncha mbili zifanane: uso mrefu wa mshazari, kidaraja katikati, na mwishoni ulimi mwembamba pamoja na tundu la kupokea ulimi wa mwenzake.

Kabla ya kupachika, huzigonga ndimi kwa uso wa nyundo uliobinuka kidogo. Nyuzi hubanwa, ulimi ukaingia kwa wepesi. Baadaye mti hunyonya unyevu wa hewa, hutuna na kujikaza tunduni. Nyumba ikiwa imeegemezwa, mguu mpya huletwa kwa ubavuni na kusogezwa hadi ndimi zizame. Msogeo huo huacha katikati tundu dogo la mraba. Humo hupigiliwa kigingi cha mti mgumu, na tangu hapo ncha haziwezi kurudi zilikotoka. Siku mguu huo nao ukioza, fundi atakayekuja atakitoa kigingi na kuanza upya.

Mwaka 2020 UNESCO iliingiza ujuzi wa ujenzi wa jadi wa mbao wa Japani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini orodha hainoi patasi. Anayetaka kujifunza kazi hii na atafute patasi moja, jiwe moja na kipande cha mti laini, akae navyo mpaka kichwa cha mti king'ae. Viungo vitafuata.