Ombi Lililo Juu ya Ukurasa

Afunguaye Wikipedia katika msimu wa michango hukutana kwanza na ombi la fedha. Ombi hilo ni maandishi kama maandishi mengine, nalo lastahili kupimwa kama tupimavyo barua au hotuba.

Asili yake ni njema. Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001. Mwaka uliofuata, tetesi tu za kuingiza matangazo ya biashara ziliwafanya waandishi wengi wa Kihispania wajitenge, wakaanzisha kamusi elezo yao. Hofu yao haikuwa ya bure. Tovuti iishiyo kwa matangazo humwuzia mfanyabiashara macho ya msomaji. Na auzaye macho hutaka yasibanduke, hata kama yanachokitazama ni upuuzi mtupu. Wikipedia iliikataa biashara hiyo, ikachagua kuomba. Kuomba si aibu. Misikiti na makanisa yetu mengi yamejengwa kwa michango.

Kasoro imo katika lugha. Kwa miaka mingi ombi lilisihi kwa sauti ya mgonjwa mahututi: kwamba wasomaji 98 katika kila 100 hawatoi kitu, kwamba uhuru wa kamusi wahitaji kulindwa, kwamba bei ya kikombe cha kahawa yatosha. Msomaji angedhani kuwa kesho kurasa zitafungwa. Kumbe mfuko wa akiba wa Wikipedia ulikuwa umefikia dola milioni 100 mwaka 2021. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2022, Shirika la Wikimedia, lenye kuiendesha tovuti, lilitumia zaidi ya dola milioni 140, na gharama ya kuhifadhi kurasa katika mitambo haikufika milioni 3. Zaidi ya nusu ya matumizi ilikuwa mishahara. Mishahara si dhambi, kwani mitambo haijitengenezi. Ila ingalifaa isemwe hivyo. Mwanafunzi atoaye shilingi 50 kumwokoa mgonjwa asiyeumwa ameondolewa nafasi ya kuamua kwa akili yake, hata kama angalitoa vilevile baada ya kuambiwa kweli.

Wakosoaji wakali walikuwa waandishi wenyewe, wasiolipwa hata senti. Mwishoni mwa mwaka 2022 wale wa Kiingereza walijadiliana, wakayakataa maneno yaliyotayarishwa, na Shirika likalazimika kuyaandika upya. Watu hao huwadai wenzao ushahidi wa kila sentensi ya kamusi. Safari hii walilidai ombi lao wenyewe.