Pembenne ya Fundi wa Puge

Hapa Puge, wilayani Nzega, nyumba huanza na kamba. Kabla jembe halijagusa ardhi, fundi na saidia fundi wake huchomeka vigingi vinne, wakafunga kamba, kisha ikaanza sehemu ya ujenzi ninayoipenda kuliko zote: kuihoji pembenne mpaka ijulikane ni ya aina gani.

Tuseme nyumba ni mita 8 kwa 6. Futi kamba inazunguka: nane, sita, nane, sita. Mwenye nyumba hudhani yamekwisha. Bado. Pande zinazoelekeana zikilingana, kilichothibitika ni msambamba tu, na msambamba unaweza kuegama upendavyo huku urefu wa pande zake haubadiliki hata sentimita. Ndipo fundi anapopima kona kwa kona. Kwa vipimo hivi, mistari yote miwili lazima isome mita 10. Mmoja ukisoma 10.20, mwingine utasoma karibu 9.80, na hapo kona zimekosa nyuzi 90 kwa nyuzi 2 na kidogo. Jicho halioni kosa hilo. Bati litaliona, kwa kuwa bati limekatwa kwa pembe mraba kiwandani, na kosa la msingi litajitokeza ukingoni mwa paa, upande mmoja ukining'inia zaidi ya mwingine.

Tembe za kale za Unyamwezi zilisamehe zaidi. Paa lake lilikuwa bapa, la udongo uliotandazwa juu ya miti, na kila mti ulikatwa kufuata ukuta ulipo. Tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, ni ya ukoo huo. Bati limemdai fundi usahihi ambao udongo haukumdai.

Wapo wanaoruka pande na kupima kona kwa kona peke yake. Kipimo hicho kikiwa peke yake hudanganya. Nyumba yenye mita 8.2 mbele na 7.8 nyuma, pande hizo mbili zikiwa sambamba na kuta za ubavuni zikiwa na urefu sawa, ni trapeza, lakini mistari yake ya kona kwa kona inalingana barabara. Fundi makini hutaka ushahidi wote: pande zinazoelekeana ziwe sawa, na kona kwa kona ziwe sawa. Yakitimia yote mawili, hakuna umbo jingine lililobaki isipokuwa mstatili.

Chumba cha mita 4 kwa 4 nacho hupita mlango huohuo. Pande nne kuwa sawa hakujakipa jina la mraba. Huenda ni rombasi. Kona kwa kona zikilingana, kwa mita 5.66 hivi, ndipo kinakuwa mraba. Euclid, aliyeandika miaka 300 hivi kabla ya Kristo, aliutenga mraba na mstatili kana kwamba ni koo mbili. Hesabu za leo huuhesabu mraba kuwa mstatili, na naona fundi yuko upande huu: kipimo kinachousafisha mmoja huusafisha na mwingine.

Uzuri mkubwa uko kwenye kurekebisha. Fundi hang'oi kigingi kimoja peke yake, kwani angeharibu pande alizokwisha kuzipata. Huvisogeza viwili vya upande mmoja mrefu kwa pamoja, kuelekea kule kutakakoufupisha mstari mrefu. Katika nyumba yetu ya 10.20 na 9.80, ni sentimita kama 25. Hupima tena, akasogeza kidogo, akapima tena, saidia fundi akishika ncha ya futi bila kunung'unika.

Mwisho hurefusha kila kamba kwa mstari uleule na kuchomeka vigingi vya ncha zake nje ya msingi, hatua moja au mbili, ili wachimbaji wasivifukue. Tangu hapo kona ni pale kamba mbili zinapokatana, na mtaro ukishachimbwa, timazi ndiyo inayoishusha mpaka chini linapolazwa tofali la kwanza.